Mwanagenzi na Trauti: Hamu ya Kujifunza Hutoka Wapi?

Hapana methali ipendwayo na walimu kuliko ile isemayo, "Samaki mkunje angali mbichi." Huandikwa kwenye kuta za madarasa, hutajwa katika hotuba za siku ya wazazi, na ni wachache kati ya walimu wanafunzi wetu ambao hawajaitumia katika insha zao za malezi. Hatuipingi. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba methali hiyo yamhusu samaki ambaye tayari yumo mkononi. Haisemi lolote juu ya jinsi alivyopatikana. Nasi twaona kwamba taabu kubwa ya shule zetu za msingi haiko katika kukunja, kwani kukunja twakuweza sana. Iko katika hatua inayotangulia, yaani ile ya kumfanya mtoto alitake somo.

Twapenda kuizungumzia hatua hiyo kwa mfano ambao huenda ukawashangaza baadhi ya wasomaji. Mfano huo ni uvuvi wa trauti kwa nzi bandia, na hasa jinsi mtu aliye mgeni katika uvuvi huo anavyotekwa nao hata asiweze kuuacha. Baadhi yetu wakufunzi tumejifunza uvuvi huu ukubwani, na kazi yetu ikiwa ni ualimu hatukuweza kujizuia kujiuliza: ni nini kinachomfanya mtu mzima, asiyelazimishwa na yeyote, asimame katika maji baridi kuanzia alfajiri, arudi nyumbani mikono mitupu, kisha juma lifuatalo aondoke tena kwa furaha? Kama tungeijua siri hiyo, na tukaijua njia ya kuiingiza darasani, malalamiko mengi tuyasikiayo katika vyumba vya walimu, kwamba "watoto wa siku hizi hawana hamu", yangepungua.

Rai yetu ni hii. Hamu si mali ambayo mtoto huja nayo kutoka nyumbani au kuikosa. Huzaliwa pale mtu anapokutana na tatizo lililo karibu na uwezo wake, ambalo humjibu kweli na upesi kila anapolijaribu. Kazi ya mwalimu ni kuyaandaa makutano hayo.

Samaki mgeni katika mito yetu

Trauti si mwenyeji wa Afrika Mashariki. Mayai ya trauti wa kahawia yaliletwa Kenya kutoka Scotland mwaka 1905, yakatiwa katika mito ya milima ya Nyandarua, ambayo wakati huo iliitwa Aberdare. Baadaye akaletwa pia trauti wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni magharibi mwa Amerika ya Kaskazini. Leo samaki hawa wamo katika mito ya baridi itokayo Nyandarua na Mlima Kenya, kama vile Gura, Chania, Mathioya na Ragati, na huko Kiganjo, karibu na Nyeri, kipo kituo cha kuwazalisha.

Msomaji aweza kuuliza kwa haki: je, huu si mchezo wa walowezi? Ndivyo ulivyoanza. Waliowaleta samaki hao walitaka starehe ya kwao katika nchi ya watu wengine, na Wakikuyu wa zamani, waliokaa kandokando ya mito hiyo, hawakuwa walaji wa samaki. Tena mtaalamu wa viumbe wa leo angesita sana kabla ya kukubali samaki mlaji wa namna hiyo atiwe katika mto ambao hakuumbiwa. Mambo hayo ni kweli, nasi hatuyafichi. Hata hivyo ufundi wenyewe ni wa kale kuliko ukoloni. Mwandishi Claudius Aelianus, aliyeishi Roma yapata mwaka 200 baada ya Kristo, aliwaeleza wavuvi wa Makedonia waliozungushia ndoana sufu nyekundu na kuitia manyoya ya jogoo ili kuwahadaa samaki wa mtoni. Isitoshe, hatumwambii mwalimu yeyote anunue ufito wa kuvulia, maana vifaa hivi ni ghali. Twaazima somo tu.

Ugumu wa kazi yenyewe

Katika uvuvi wa kawaida, uzito wa chambo au wa kipande cha risasi ndio unaoupeleka mshipi majini. Katika uvuvi wa nzi bandia mambo ni kinyume. Nzi huyo ni ndoana ndogo iliyovikwa nyuzi na manyoya ya ndege, nayo haina uzito wa kutajika. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na mzito. Mwisho wake hufungwa uzi mwembamba usioonekana vizuri majini, na ncha ya uzi huo ndiyo inayomshika nzi.

Mvuvi huinua ufito, akautupa mshipi nyuma yake, akangoja mpaka unyooke hewani, ndipo akaurudisha mbele. Katika maneno hayo yote, lililo gumu ni "akangoja". Mwanagenzi hangoji. Hurudisha ufito kabla mshipi haujanyooka, na mshipi hulia kama mjeledi. Akiitazama ncha ya uzi aona nzi hayupo, amekatika. Akidhani kwamba dawa ni kuongeza nguvu, mshipi humwangukia karibu zaidi, umejiviringa kama uzi wa mfumaji uliochezewa na paka.

Akishaweza kurusha, ugumu wa pili wamngoja. Trauti hukaa ameelekea upande mto unakotoka, kwa kuwa maji ndiyo yanayomletea chakula. Hasimami katikati ya mkondo wa kasi, maana hapo angechoka bure; hukaa nyuma ya jiwe, au mahali ambapo maji ya polepole yapakana na maji ya kasi. Chakula chake kikubwa ni wadudu, na wengi wao huwala chini ya maji wakiwa bado hawajaota mabawa. Nzi bandia sharti aende kwa mwendo ule ule wa maji yanayomchukua. Mshipi ukivutwa na mkondo wa pembeni, nzi huburutwa, akaacha mfuo juu ya maji, na trauti hana haja naye tena.

Yanayomteka mwanagenzi

Mtu angetazamia kwamba ugumu wa namna hii ungemfukuza mgeni. Wapo wanaokimbia, lakini wengi hunaswa wao kabla hawajanasa samaki hata mmoja. Twaona sababu tatu.

Ya kwanza ni kwamba mto hujibu papo hapo, na hujibu kweli. Mshipi ukirushwa vibaya huanguka vibaya, na mrushaji huona kwa macho yake mwenyewe. Nzi akiburutwa, mfuo huonekana. Hakuna anayemgombeza wala anayemsifu kwa kumwonea huruma. Kosa halimwaibishi, bali humpa habari, na jaribio la pili liko umbali wa nusu dakika. Linganisheni jambo hilo na mwanafunzi anayefanya hesabu 20 siku ya Jumatatu, akarudishiwa daftari siku ya Alhamisi lenye alama za kalamu nyekundu, wakati ambapo amekwisha kusahau alikuwa akifikiri nini.

Ya pili ni kwamba tatizo lenyewe limepangwa ngazi kwa ngazi. Mjuzi anayemfundisha mgeni hamwanzishi mtoni. Humpeleka kwenye uwanja wa majani, akamfungia kipande cha sufu mahali pa ndoana, akamfundisha kurusha mita chache tu. Kisha huja kurusha kulenga shabaha, kisha maji yaliyotulia, kisha mkondo, kisha uteuzi wa nzi. Kila ngazi ina ushindi wake. Mwanagenzi aliyeuona mshipi wake ukinyooka kwa mara ya kwanza, ukatua juu ya majani bila kelele, hufurahi kama aliyepata samaki, ingawa samaki wa karibu yuko mbali kilomita kadhaa.

Ya tatu, ambayo kwetu ni kubwa kuliko zote, ni kwamba kutojua kwake hugeuka kuwa kutazama. Samaki wakimkataa, hulazimika kujiuliza wanakula nini. Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi mwanagenzi huinama, akapindua jiwe la mtoni, na chini yake aona ulimwengu ambao hakuudhania: buu aliyejijengea nyumba ya changarawe na vijiti vidogo, mdudu bapa mwenye mikia myembamba kama nywele, na wengine walioshikamana na jiwe ili mkondo usiwachukue. Kuanzia siku hiyo mto si maji yapitayo tu. Ni kitabu, naye ameanza kusoma.

Liko jambo moja la kuongeza. Wavuvi wengi wa trauti siku hizi huibana miiba ya ndoana ili isimdhuru samaki, hulowesha mikono kabla ya kumshika ili wasimwondolee ute unaoilinda ngozi yake, kisha humrudisha majini akiwa hai. Kama samaki ndiye angekuwa ujira, nani angeurudisha ujira wake? Kinachomwita mtu mtoni tena ni kule kulitatua tatizo.

Kamari au elimu?

Msomaji makini atatupinga hapa, na pingamizi lake lina nguvu. Atasema: mvuvi hunaswa kwa sababu samaki huja mara chache, bila kutazamiwa, na kila mcheza kamari hunaswa kwa njia hiyo hiyo. Mwanasaikolojia B. F. Skinner wa Marekani alionyesha kwamba njiwa anayepewa punje baada ya midonoo isiyo na hesabu maalum huendelea kudonoa kwa muda mrefu, hata punje zikikoma. Nasi sote twawajua vijana wanaomaliza pesa zao katika kamari za simu kwa matumaini ya namna hiyo.

Twakubali kwamba chembe ya kamari imo katika kila uvuvi. Lakini tofauti ni kubwa. Mcheza kamari aweza kubonyeza kitufe miaka 10 asiwe hodari zaidi ya siku ya kwanza, kwa kuwa mashine haimfundishi kitu. Mto hufundisha. Anayepindua mawe, anayetazama mkondo na anayejifunza kungoja, siku zake za kurudi mikono mitupu hupungua, naye aweza kueleza kwa nini zimepungua. Hicho ndicho kipimo tunachowapeni, ndugu walimu wanafunzi: hamu njema ni ile inayokua pamoja na maarifa, na hamu inayokua bila maarifa ni ya kuogopwa.

Kwa kipimo hicho, tuyatazame madarasa yetu. Katika ziara za mazoezi ya kufundisha twasikia mara nyingi, "Mpigieni makofi matatu!" kila mtoto anapojibu sawa. Twaona nyota za karatasi, peremende na vyeti. Nia ni njema. Lakini mtoto aliyezoezwa hivyo huutazama uso wa mwalimu badala ya kulitazama swali. Husema jibu la kwanza, na asipoyasikia makofi husema jibu la pili, kama njiwa yule. Mwaka 1973 watafiti Lepper, Greene na Nisbett wa Marekani walitoa habari za watoto wadogo waliopenda kuchora. Baadhi yao waliahidiwa cheti wakichora, baadhi walipewa cheti bila kuahidiwa, na wengine hawakupewa kitu. Siku kadhaa baadaye, walipoachwa huru, wale walioahidiwa cheti walitumia muda mfupi zaidi katika kuchora kuliko wenzao wote. Furaha iliyokuwa yao wenyewe ilikuwa imegeuzwa kazi ya kulipwa.

Wala hatusemi kwamba somo lifanywe rahisi au litiwe sukari. John Dewey, katika kitabu chake cha mwaka 1913 juu ya hamu na juhudi, alionya dhidi ya mwalimu anayechukua jambo lisilo na maana kwa mtoto akalipaka mapambo ili lipendeze. Uvuvi wa trauti haukupakwa mapambo. Ni mgumu, nao wapendwa pamoja na ugumu wake.

Katika darasa la shule ya msingi

Hapa yatupasa kuwa waangalifu na mfano wetu, usije ukatupotosha. Mtoto si samaki, na mwalimu hakuajiriwa ili amhadae kwa manyoya ya rangi. Katika mfano huu mtoto ndiye mwanagenzi. Mwalimu ni yule mjuzi anayemkabidhi ufito, akamwonyesha pa kusimama, kisha akarudi nyuma hatua mbili. Tutoe mifano mitatu ambayo mwalimu yeyote aweza kuijaribu bila gharama.

Katika Hisabati, kabla ya kufundisha kanuni za vipimo, kila kikundi kikadirie urefu wa darasa kwa mita na kuuandika ubaoni. Ndipo wapime kwa kamba yenye mafundo. Kamba itawajibu. Kisha wakadirie urefu wa uwanja, wapime tena. Mtaona makadirio ya pili yakikaribia ukweli kuliko ya kwanza, na watoto wataliona hilo kabla yenu.

Katika Lugha, mwanafunzi mmoja apewe mchoro rahisi, tuseme nyumba yenye mti upande wa kushoto na mbuzi chini ya mti. Aandike maelezo, na mwenzake ambaye hajauona mchoro achore kwa kuyafuata maelezo hayo tu. Mbuzi akitokea juu ya paa, mwandishi atajua mara moja kwamba sentensi yake ina kasoro, naye ataomba kuiandika upya. Ni insha ngapi tulizosahihisha ambazo mwandishi wake aliomba kuziandika upya?

Katika Sayansi, pale penye kijito salama, watoto wapindue mawe kama afanyavyo mvuvi. Wadudu wa majini ni mashahidi wa hali ya maji. Wale wenye mikia myembamba tuliowataja hupungua au kutoweka maji yanapochafuka, ilhali mabuu fulani mekundu huweza kuishi katika maji yenye oksijeni kidogo. Huko Afrika ya Kusini ipo njia iitwayo miniSASS inayowawezesha hata wanafunzi kuupima usafi wa mto kwa kuwahesabu wadudu hao kwa makundi. Twatoa tahadhari: mwalimu aukague mto kwanza, maji yawe ya kina kifupi, na asiwaingize watoto katika maji ya vuguvugu yaliyotulia, ambamo konokono wa kichocho hukaa.

Katika mifano hiyo mitatu, jibu la kwanza halitoki kinywani mwa mwalimu. Hutoka katika kamba, katika mchoro na katika jiwe. Mwalimu huja baadaye kueleza kwa nini, na maelezo yake hupokelewa na masikio yaliyokwisha kuwa na njaa nayo.

Tutaambiwa: darasa lina watoto 60, muda wa kipindi ni mfupi, na mitihani yangoja. Twayajua hayo, ndiyo hali ya shule nyingi tunazozitembelea. Lakini hesabu yenyewe yatuunga mkono. Mwalimu mmoja hawezi kuwajibu watoto 60 papo hapo. Kamba na michoro vyaweza. Darasa linapokuwa kubwa, ndipo haja ya matatizo yanayojibu yenyewe inapozidi. Na kuhusu mitihani, ule wa KCPE uliokuwa ukilaumiwa kwa kila kasoro ya ufundishaji ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtaala wa umilisi umeingia. Hata hivyo tumeingia katika madarasa ambamo kitabu ni kipya na sauti ni ile ile ya zamani: mwalimu asema, watoto waitikia kwa pamoja, kengele yalia. Mtaala haubadilishi ufundishaji kwa kubadilishwa jina. Atakayeubadilisha ni ninyi mnaotoka chuoni mwaka huu.

Na muda? Twarudi kwenye lile neno "akangoja". Mwalimu mgeni huuliza swali na, kabla mtoto hajalipokea, hulijibu mwenyewe kwa kuogopa ukimya. Anaurudisha ufito kabla mshipi haujanyooka. Jizoezeni kuhesabu kimoyomoyo hadi 5 baada ya kila swali. Ukimya huo si muda uliopotea, kwani ndio unaompa mtoto nafasi ya kufikiri.

Basi, mtakapokaa kuandika maandalio ya masomo kwa ajili ya mazoezi ya kufundisha yajayo, twawaomba muongeze swali moja pambizoni, chini ya shabaha za somo: "Ni kitu gani katika somo hili kitakachomjibu mwanafunzi kabla yangu?" Kama hakipo, andalio hilo liandikwe upya kabla ya kuletwa kwetu kutiwa sahihi.